Bomba la ekzosi linawaka jekundu baada ya kufunga turbo kubwa

Kama waya za karibu zimeanza kuyeyuka, usikimbilie kulizungushia bomba utepe wa kuzuia joto. Anza na injini. Taimingi, yaani wakati cheche inapowasha mafuta, ikichelewa, mafuta humalizia kuungua ndani ya ekzosi. Kwa petroli, ukikanyaga hadi mwisho, uwiano wa hewa kwa mafuta uwe kama 11.5 hadi 12 kwa 1. Ukifika 13, mafuta ni machache mno. Kagua katalisti pia, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi: ikiziba, joto halina pa kutokea.

Utepe baadaye. Ulowanishe, uuvute vizuri, kila mzunguko ulalie uliotangulia kwa robo ya upana. Manifoldi (sehemu inayokusanya moshi kutoka kwenye injini) ya chuma cha kusubu iache wazi, maana ikifungwa hupasuka. Waya zihamishe, au weka bati la kinga, likae sentimita 1 hadi 2 kutoka kwenye bomba. Na oili inayovuja? Izibe kwanza, utepe uliolowa oili hushika moto.