Muulize Shangazi: Nani atawarudisha wanachuo usiku?

Shikamoo Shangazi. Nasoma mwaka wa pili, nimepanga chumba Changarawe, Mzumbe, mkoani Morogoro. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka, wengi wetu tunakwenda mjini kustarehe, na tunarudi usiku wa manane kwa bodaboda au pikipiki ya rafiki. Muhula uliopita mwenzetu alivunjika paja. Aliyempakia alikuwa amelewa. Mimi ni kiongozi wa darasa. Tulibandika matangazo ya kuonya, hayakubadili kitu. Wengine wanasema ukinywa kahawa au ukioga maji baridi unaweza kuendesha. Tufanye nini? Na rafiki yangu mwenye pikipiki, akishalewa haachii funguo.
Msomaji, Changarawe

Marahaba mwanangu. Mpe pole sana mwenzenu. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha majeruhi kwa miaka mingi, na paja nalijua. Linapovunjika, damu inaweza kuvujia ndani lita nzima na nje usione kitu. Kijana analala wiki nyingi mguu umening'inizwa, mitihani inampita, mama yake ametoka kijijini kuja kumwogesha. Kwa hiyo swali lako nimelichukua kwa uzito wote.

Tuanze na kahawa. Haiondoi pombe, wala maji baridi hayaiondoi. Inayoondoa ni ini, na ini halina haraka. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe, na mwili huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyekunywa tano kuanzia saa mbili usiku anaweza kukutwa na pombe mwilini hata kwenye kipindi cha saa moja asubuhi. Amelala, ameoga, anajiona mzima, na kumbe bado. Sheria yetu inaweka kikomo cha miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, lakini usiwafundishe wenzako kukisogelea. Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo cha 50, na kwa madereva vijana 20 tu, kwa sababu kijana ambaye hajazoea barabara huharibikiwa mapema.

Matangazo yenu hayakufanya kazi kwa sababu yalikuwa yanazungumza na mtu aliyekwisha kulewa. Huyo hana tena akili ya kupima. Safari ya kurudi inapangwa na kulipiwa mchana, watu wakiwa na akili zao. Siku ya bumu, kodini Noah au daladala ya kwenda na kurudi, nauli zote mbili zikusanywe kabla ya kuondoka. Mtu akishalipa kurudi, hatafuti pikipiki saa nane usiku. Na dereva wa gari hilo mjue kwa sura: awe mtu asiyekunywa, alipwe vizuri, apewe chakula.

Halafu nendeni kijiweni, pale bodaboda wanaposubiri abiria. Hapa ndipo ningeweka nguvu nyingi kuliko pote, kwa sababu kule kwenu anayewabeba usiku ni bodaboda, naye analewa kama nyinyi. Kati ya mjini na Sangasanga, njia panda ya kuingia Mzumbe, ni barabara kuu ya Iringa, malori yanapita usiku kucha; pikipiki ikiyumba kidogo tu, imekwisha. Mwenyekiti wa kijiwe ana nguvu kuliko tangazo lolote. Kubalianeni naye kwamba aliyekunywa habebi abiria usiku huo, na nyinyi muahidi kuwapigia simu wale watakaobaki wazima. Wapeni kazi, watawasikiliza. Kamshirikisheni polisi kata pia, aombe trafiki waje na kipima ulevi wikiendi ya bumu. Msidharau mkono wa serikali: viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017, pombe kali ya bei ya chini iliyokuwa ikikaa mfukoni mwa dereva ilipata kikwazo, nami nilifurahi waziwazi.

Rafiki yako sasa. Usigombanie funguo na mlevi; mtapigana, na atashinda au mtaumia wote. Ziombe kabla hajafungua chupa ya kwanza, mbele ya wenzenu, akubali mwenyewe. Mpe mhudumu wa kaunta azifungie, na mwambie asimrudishie mpaka kesho. Akikataa kuzitoa akiwa mzima, basi usipande pikipiki yake usiku ule, hata kama ni wa kitanda kimoja. Na ukiona ameondoka amelewa, piga 112 utaje barabara aliyoshika. Atakununia, najua. Niliwahi kukaa na kijana aliyemwacha rafiki yake aondoke hivyo, akilia koridoni mpaka kukakucha, bora ununiwe.

Anza na mwenyekiti wa kijiwe wiki hii, kabla bumu halijatoka. Nenda na wawili watatu, mmoja wao awe msichana, maana wao ndio wanaopanda nyuma usiku na hawaulizwi kitu. Ukipata jibu lake niandikie.