Mizani mbovu au gunia pungufu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nipo Masasi. Nasoma kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi, na kuna wanasayansi wanaotaka kurekebisha nadharia ya uvutano ya Einstein. Kwenye magrupu inazunguka klipu, jamaa anasema basi uvutano haupo. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Klipu hiyo nimetumiwa hadi na walimu wenzangu, ndicho kinachoniuma.

Chukua gunia la korosho. Chama cha msingi wamepima kilo 80, ghalani inasoma 77. Ama kuna kilichopungua bila kuonekana, tuseme unyaufu, ama mizani ina walakini. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yalipima nyota zilizolipuka mbali sana, yakakuta mwanga wake ni hafifu kuliko hesabu, yaani zipo mbali zaidi ya ilivyotarajiwa: ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi. Wengi wakasema kuna kitu kisichoonekana, nishati ya giza, kama asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Wachache wakaishuku mizani, yaani milinganyo ya Einstein ya 1915.

Shaka hiyo ni halali. Mwaka 1846, sayari ya Uranus ilipokwenda kombo na hesabu, mnajimu Mfaransa Le Verrier alikisia kitu kisichoonekana, ikapatikana sayari ya Neptune. Mercury, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, nayo ilipokwenda kombo akakisia sayari nyingine; haikuwepo. Safari hiyo mbovu ilikuwa mizani, yaani nadharia ya zamani ya Newton, na aliyeirekebisha ni huyo huyo Einstein.

Ila anayeilaumu mizani ana deni: yake ipime sawasawa magunia mengine yote. Itoe jibu lile lile kwa Mercury, kwa Mwezi, kwa saa za setilaiti za GPS zinazotangulia za ardhini mikrosekunde 38 kila siku. Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya uvutano (mitikisiko ya anga lenyewe) na miali ya gama (aina ya mwanga usioonekana kwa macho) kutoka nyota mbili za nyutroni, mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa, zilizogongana vilitufikia vikipishana sekunde 1.7 tu, baada ya safari ya miaka kama milioni 130. Nadharia kibao zilizotaka mawimbi hayo yaende kwa kasi tofauti na mwanga zikazikwa. Waliozitunga hawakurekodi klipu.

Kuna mwingine aliniletea daftari zima la "uvutano mpya". Nikamwomba akokotoe mzunguko wa Mwezi tu, siku 27.3. Akanijibu hesabu ni utumwa wa kizungu.

Basi yeyote atakayekwambia nadharia imepinduliwa, mwombe namba moja inayojulikana tayari. Akianza habari za njama, achana naye. Na huyo wa klipu nasikia sasa anaendesha semina, elfu thelathini kwa kichwa. Usilipe.