Nimeandikia Watu Barua Miaka Kumi na Moja, Yangu Nikaisahau

Ujumbe huu ulinifikia Alhamisi usiku kutoka kwa msomaji wa Likoni. Nauweka kama ulivyo, kwa ruhusa yake: "Kaka, nimevuka feri na jua lile, nikapanda tuktuk mpaka maktaba ya sheria pale chuoni. Soja ananiambia wageni hawaingii. Wewe si uliandika kwamba ulisoma mle ndani? Uliingiaje?"

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu mlango huohuo ulinirudisha mimi mara mbili, na mara ya kwanza niliondoka na machozi ya hasira ambayo mke wangu hakuyajua. (Sasa ameyajua. Yeye husoma kila ninachoandika.)

Wanaonifuata hapa wanajua kazi yangu. Nina kibanda cha fotokopi na kuchapa hapa Mombasa, karibu na mahakama, mwaka wa kumi na moja huu. Nimechapa hati za kiapo, barua za kuomba kazi, barua za kuomba radhi, hata barua ya talaka moja ambayo mwenyewe aliirudia asubuhi yake akaomba niifute kwenye kompyuta. Kwa hiyo Khalati, dada wa mama yangu, aliponijia na bahasha yake alikuwa na hakika kwamba mimi, kwa kukaa jirani na mahakimu, sheria inanijua.

Khalati anakaa Majengo. Nyumba ni yake, ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, na uani mna mnazi mmoja. Ardhi si yake. Wenzetu wa bara hili jambo huwatatiza, lakini sisi tumezaliwa tukalikuta: nyumba bila ardhi. Unajenga, unamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi, unaozesha watoto mle, unazikiwa kutoka mle. Marehemu mumewe alikuwa akiweka risiti za kodi hiyo ndani ya kopo la biskuti, zimefungwa kwa uzi. Sasa wajukuu wa mwenye ardhi wameandika barua: siku thelathini, uhame.

Hilo la siku thelathini nililijibu siku hiyohiyo, kwa simu yangu, bila ya maktaba wala wakili. Tovuti ya Kenya Law ina sheria zote za nchi na hukumu nyingi, bure. Sheria ya Ardhi ya 2012, ilivyorekebishwa 2016, inataka mwenye ardhi binafsi atoe ilani isiyopungua miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu ambaye yeye mwenye ardhi anadai amekaa pasipo haki. Khalati akanitazama kama nimetoa sungura kwenye kofia ya marehemu babu yangu. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunivimba, na nakiri.

Kwani swali lenyewe, nyumba iliyojengwa kwenye ardhi ya mwingine ni ya nani, lilikuwa la zamani zaidi. Hapa Pwani palikuwa na sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, ile ya zama za ukanda wa pwani wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, na iliendelea kutumika mpaka ikafutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Cheti cha ardhi iliyo chini ya nyumba ya Khalati kilitolewa chini ya ile ya kale. Nilitaka kuona mahakama za zamani ziliisoma vipi, na kijana mmoja anayekuja kuchapa kazi zake za chuo kwangu akaniambia juzuu za ripoti za kesi za Afrika Mashariki ziko kwenye maktaba ya sheria ya chuo chao, rafu nzima.

Siku ya pili nikafunga kibanda saa nne, nikavaa shati la Ijumaa, nikaenda.

"Kitambulisho."

Nikatoa cha taifa. Bawabu akakitazama mbele na nyuma. "Cha chuo, mzee." Mzee! Nina miaka arobaini na miwili. Nikamwambia mimi ni mgeni, nataka kusoma tu. Akasema wageni hawaingii. Basi mimi nikamsomea Katiba. Kweli nilimsomea, kwa sauti, kifungu cha 35, kwamba kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na chuo hiki ni cha umma, na kodi yangu ndiyo inayolipa mshahara wake. Wanafunzi wakaanza kujaa nyuma yangu. Msichana mmoja akatoa kisikilizio sikio moja ili asikie vizuri. Bawabu akaningoja nimalize, akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma, "Sasa sogea, wenye kadi wapite."

Leo najua nilichokosea. Kifungu cha 35 kinahusu habari. Ile Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuwezesha kuandikia ofisi ya umma ombi, nayo ina siku 21 za kukujibu. Haikupi kiti katika chumba cha kusomea, wala haimlazimu bawabu kukutafutia juzuu. Mimi nilichukua haki ya kweli nikaigongesha kwenye mlango usiokuwa wake. Na angalia: hata hiyo haki niliyokuwa nikiipigia kelele inaanza kwa ombi la maandishi. Mtu anayechapia watu maombi kutwa nzima!

Mara ya pili nilijiona nimejifunza. Nikaenda na barua ya chifu, muhuri na sahihi, inayosema mimi ni mkazi mwema. Bawabu hakuifungua. Alinielekeza kwa kidole tu kwenye kioo cha mlango, ambako palikuwa na karatasi imebandikwa kwa ndani, rangi imeanza kuchujuka kwa jua. Karatasi hiyo ilikuwako tangu siku ya kwanza. Nilisimama mbele yake nikahutubia Katiba, na sikuisoma.

Ilikuwa na kila kitu. Mgeni aandike kwa Mkutubi Mkuu kabla ya kuja, aeleze anatafuta nini. Alete barua ya utambulisho kutoka taasisi anayofanyia kazi au wakili anayemjua, na nakala ya kitambulisho. Ada shilingi 200 kwa siku. Mifuko ibaki kwenye makabati ya nje. Hakuna kuazima. Mgeni hupisha mwanafunzi viti vikijaa. Na mwisho, kwa herufi nzito: wageni hawapokewi wiki za mitihani. Tarehe zilizoandikwa chini yake zilikuwa zimeanza juzi yake.

Nikaipiga picha ile karatasi, nikarudi nayo kibandani. Wiki tatu nilikuwa nikiitazama.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa nyinyi vijana mnaopenda kujirekodi mkigombana na mabawabu. Andika kabla ya kwenda. Bawabu hana mamlaka ya kukuingiza, ana mamlaka ya kukuzuia peke yake. Mwenye kukuingiza yuko ndani, hajui kwamba upo, na njia ya kumfikia ni barua. Nimeiona hali hii hospitalini, bandarini, shuleni kwa wanangu. Tunapigana na mtu wa mlangoni kwa sababu ndiye tunayemwona.

Barua yangu ilikuwa na aya tatu. Siwapi yote, ila siri yake nitaisema: sikuandika "naomba kufanya utafiti wa sheria". Niliandika nataka kusoma ile sheria ya 1908, sura ya 282 ya sheria za Kenya, pamoja na maamuzi ya mahakama ya rufani ya zamani ya Afrika Mashariki kuhusu nyumba zilizojengwa kwenye ardhi ya mwingine Pwani. Nikasema siku mbili zinanitosha, na nitakuja asubuhi, wakati wanafunzi wako madarasani. Wakili mmoja ambaye nimemchapia kazi miaka mingi akanipa barua ya utambulisho, hakutaka hata senti. Siku ya nne nikajibiwa, mistari miwili, kwamba nifike Jumanne.

Bawabu alikuwa yuleyule. Jina langu lilikuwa kwenye orodha yake. Alilitafuta kwa kalamu, akaliwekea alama, akaniambia, "Karibu, wakili." Sikumsahihisha. Mungu anisamehe, nilitembea mpaka kabatini nikiwa wakili.

Ndani ni baridi, jamani. Kiyoyozi cha mle kimewekewa majaji. Mama mkutubi alikuwa ameshanitolea juzuu mbili na ile sheria, ziko mezani na kipande cha karatasi chenye jina langu. Hiyo ndiyo faida ya kutaja vitabu kwenye barua: hutanguliwa na vitabu vyako.

Nikafungua juzuu ya kwanza, nikatafuta ukurasa nilioutaka, nikaruka kutoka 212 hadi 219. Nikarudi, nikadhani kurasa zimegandana. Hazikugandana. Karibu na mshono palikuwa na vijino vya karatasi, vimenyooka kama vilivyokatwa kwa wembe, na kweli vilikatwa kwa wembe. Nikampelekea yule mama. Hakushtuka. Alisema, "Na huyu alikuwa na mkoba," akaandika namba ya juzuu kwenye daftari ambalo tayari lilikuwa na orodha ndefu. Tangu hapo neno la makabati ya nje sikulinung'unikia tena.

Nilimuuliza pia kuhusu hazina za mtandaoni, maana karatasi ya mlangoni haikuzitaja. Akanieleza kwamba chuo hulipia leseni, na mikataba ya wachapishaji wengi humruhusu mgeni kusoma kwenye kompyuta zilizo ndani ya maktaba, lakini haiwaruhusu kumpa mgeni neno la siri aondoke nalo nyumbani. Kwa hiyo msiwaombe wanafunzi wawaazime neno la siri. Najua mnaomba. Nanyi mnaopiga picha kitabu kizima kwa simu, kurasa chache za kujisomea ni jambo moja, kitabu kizima ni wizi wenye mwanga mzuri.

Nilichokipata? Kifungu kimoja katika ile sheria ya 1908 nilikisoma mara nne huku nikikifuata kwa kidole. Kinasema cheti cha hatimiliki ni ushahidi kamili kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye minazi, nyumba na majengo yaliyokuwapo juu yake tarehe ya cheti, ila pale cheti chenyewe kimeandikwa vingine. Minazi ndiyo iliyotangulia! Nikakaa nikiitazama ile "ila". Na "tarehe ya cheti" nayo, kwani nyumba ya Khalati imejengwa miaka mingi baada ya cheti kutolewa. Nikanakili kwa mkono, ingawa kwangu nina mashine mbili za fotokopi.

Khalati nilipomsomea alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mnazi wangu wanaujua tangu 1908?" Mnazi ule aliupanda mumewe mwaka niliozaliwa mimi.

Kesi iko kwa wakili wa msaada wa kisheria sasa, amepewa risiti zote za kopo la biskuti na karatasi zangu. Mimi si wakili, nalisema wazi ili asije mtu kibandani akitaka nimwakilishe mahakamani. Nachapa, basi. Wala maktaba si ya kila shida. Ukitaka hukumu ya juzijuzi au kifungu cha sheria inayotumika leo, simu yako inatosha. Ukitaka mahali pa kukaa na kusoma tu, maktaba ya taifa iko pale barabara ya Msanifu Kombo. Lakini ukihitaji cha zamani, kilichofungwa kwa ngozi na hakijawekwa mtandaoni, andika kabla ya kwenda. Nimeshasema mara tatu? Nitasema ya nne nikiulizwa.

Yule msomaji wa Likoni nilimwambia anitumie barua yake kabla ya kuipeleka. Ilianza na "Kwa yeyote anayehusika". Nikaikata hiyo, nikaweka Mkutubi Mkuu. Ilikuwa na kurasa mbili za malalamiko juu ya soja, nikazikata zote ingawa nilizifurahia. Ikabaki aya tatu. Ameituma Jumatatu.

Leo asubuhi amenitumia picha ya ufunguo wa kabati, namba 14, uko kiganjani mwake. Chini ameandika: "Kaka, mbona hukuniambia nije na sweta?"