Daktari, kitambi changu ni cha tezi au cha wali?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 46, nauza mchele wa Kyela hapa Mwanjelwa. Mwezi uliopita nilipima afya. Ultrasaundi ilionyesha ini lina mafuta, na kwenye damu kipimo cha tezi ya shingoni, TSH, kikaja 6.2. Pombe sijawahi kuonja. Marehemu mama yangu, mzaliwa wa Makete, alikuwa na rovu kubwa shingoni. Jirani yangu wa kibandani anasema kitambi changu ni cha tezi, nimeze vidonge anavyotumia dada yake, kitashuka. Je, ni kweli tezi inaweza kulijaza ini mafuta?

*Mama Mchele, Mbeya*

Jibu

Marahaba mwanangu. Vidonge vya dada wa jirani viache hukohuko kwa mwenyewe. Yeye anameza kufidia homoni ambayo tezi yake haitoi. Ukimeza wewe huku huna upungufu, moyo utaenda mbio, mikono itatetemeka, usingizi utakata, na ukizoea, mifupa itapoteza nguvu. Kwa mama anayekaribia kukoma hedhi, hilo la mifupa si la kuchezea. Hata kilo zitakazoshuka, nyingine zitakuwa za misuli.

Swali lako la mwisho ni zuri sana. Ndiyo, tezi na ini wana mambo yao. Tezi hutoa zaidi homoni iitwayo T4, na T4 nakufananishia na mpunga: haijawa ya kupika. Ini ni moja ya mashine za kuikoboa. Linaitoa chembe moja ya madini joto, inakuwa T3, na hiyo T3 ndiyo inayoliamuru ini kuchoma mafuta. Homoni ikipungua, moto unafifia na mafuta yanabaki. Mwezi Machi 2024 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo resmetirom, inayoiga kazi hiyo ya T3 ndani ya ini, kwa watu ambao mafuta yameshawaletea uvimbe na makovu ya ini. Usianze kuiulizia dukani. Haikutengenezwa kwa ajili ya vitambi.

Ila mambo haya huenda na kurudi. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka utumbo na si yale unayoyafinya kwa vidole, yanaweza yenyewe kuipandisha TSH kidogo. TSH ni agizo linalotoka kichwani kwenda kwa tezi: ongeza kazi. Wapo wanene wengi ambao TSH imepanda hivyo huku T4 yao haina kasoro, na wakipungua uzito inarudi chini bila dawa. Maabara nyingi huweka mpaka karibu na 4. Yako imevuka, lakini haijaenda mbali. Rudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, safari hii pamoja na T4. T4 ikiwa chini, au TSH ikipita 10, mwenzangu utakayemwona huko ataongelea dawa. Na hata hapo usitegemee maajabu kiunoni: tezi iliyolegea huongeza kilo chache, nyingi zikiwa za maji na chumvi.

Rovu la mama ni habari nyingine. Nilikuwa tabibu kijana huko juu Makete mwishoni mwa miaka ya 1980, tukigawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na shingo zilizovimba tulizihesabu mpaka tukachoka. Mvua za milimani husomba madini joto udongoni, kwa hiyo viazi na mahindi ya shambani vinakuwa havina. Mama yako huenda alikosa tu kitu ambacho leo kimo kwenye chumvi. Nunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, achana na ile ya kupimiwa kwa kopo. Vidonge vya kujiongezea usinunue; yakizidi nayo huivuruga tezi.

Sasa kiuno, maana hukunitajia. Azima tepu ya fundi cherehani, ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, usivute tumbo ndani. (Utavuta. Hata mimi huvuta.) Mwanamke akipita sentimita 80 tunaanza kumwangalia ini na sukari, mwanamume, 94. Mimi niliwahi kufika 103 kwa chai ya maziwa, vijiko vinne vya sukari, vikombe vitano kwa siku. Nilikuwa nikiisingizia baridi ya Juni.

Hivyo ndivyo ini la asiyekunywa pombe linavyonenepa. Sukari na wanga vikizidi, ini huvigeuza mafuta. Na mafuta yaliyo tumboni humiminika kuliendea kupitia mshipa unaotoka kwenye utumbo, njia fupi kabisa. Unakaa kwenye kigoda tangu alfajiri, mchana wali na soda, jioni wali tena kwa sababu uko ndani ya nyumba. Sikukatazi mchele wako mwenyewe. Punguza sahani iwe nusu, hiyo nusu nyingine weka mboga na maharage, soda iache kabisa, na jioni rudi nyumbani kwa miguu badala ya bajaji. Ukiwa na kilo 84, kushusha nne tu mafuta ya ini huanza kupungua. Ukifika sita hadi nane, hata uvimbe wa ini unaweza kutulia.

Siku ya kurudia TSH, omba pia wakupime sukari na homa ya ini B, ili tusije tukayalaumu mafuta peke yake. Majibu yakitoka niandikie, na pamoja na kilo nitajie sentimita.