Mhusika ni wangu, mbona unamtia woga wewe?

Barua za wiki hii karibu zote zimeangukia pamoja: nani mwenye kauli juu ya mhusika. Kwa mgeni wa michezo hii ya kuigiza mezani, kila mchezaji ana mhusika mmoja aliyemwandika kwenye karatasi. Mwendesha mchezo anabeba dunia yote iliyobaki, kuanzia mvua hadi muuza samaki. Dadu huamua pale ambapo mambo yanaweza kwenda huku au kule. Ugomvi uko mpakani.

SWALI: Tunacheza Dungeons & Dragons. Joka lilipotua, mwendesha mchezo akaniambia, "Unatetemeka, upanga unakudondoka, unatimua mbio." Mpiganaji wangu amezeekea vitani, hakimbii ovyo. Nilinyamaza nisiharibu jioni. Alikuwa na haki?

JIBU: Hakuwa nayo, na cha kuchekesha ni kwamba hata kitabu cha sheria za mchezo hakimuungi mkono. Katika toleo la 2014, joka lililokomaa lina kitisho chake, kweli. Unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha na namba ya hekima iliyo kwenye karatasi yako, ukishindwa unaingiwa na woga kwa dakika moja, na kila zamu yako inapoisha unajaribu tena kujinasua. Lakini woga wenyewe unafanya mambo mawili tu. Maadamu unaliona joka, ukishambulia au ukipima uwezo wako kwa dadu, unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Na huwezi kulisogelea kwa hiari yako. Upanga umetajwa wapi hapo? Unaweza kusimama palepale, magoti yanagongana, ukavuta upinde. (Upo uchawi mwingine wa woga unaomfanya mtu aangushe alichoshika na kukimbia. Huenda mwenzako alichanganya.)

Mimi hushika hivi: niambie kilichompata mhusika wangu, alivyokipokea niachie mwenyewe. "Pumzi ya joka inakuunguza nyusi" ni kauli ya mwendesha mchezo. "Unaogopa" ni yangu, mpaka dadu iseme vingine. Tena msimuliaji mzuri hana haja ya kuniambia naogopa. Akinieleza mbuzi walivyonyamaza ghafla kijiji kizima, nitaogopa bila kuambiwa. Mwone pembeni kabla ya kikao kijacho, usimkabili mbele ya meza.

SWALI: Manju, yaani mhusika mwimbaji, wa mchezaji mwenzangu alirusha dadu ili kunishawishi nimpe pete ya marehemu babu wa mhusika wangu. Ikatua 20. Meza nzima ikaamua lazima nitoe. Nimetoa, ila roho inaniuma.

JIBU: Pole dada. Hili nimelishuhudia kwa karibu mno. Umeme ulikuwa umekatika, tunacheza kwa tochi ya simu iliyowekwa chini ya chupa ya maji ili mwanga usambae. Dadu ikabingirika, ikagonga chupa, ikatua 20. Kelele! Kijana aliyeombwa alikuwa ameichora pete yake kwa penseli kwenye pembe ya karatasi. Akachukua kifutio, akaifuta polepole bila kusema neno, akapuliza uchafu wa kifutio. Kikao kilichofuata hakuja, na kilichofuata hicho pia.

Kwanza, sheria. Katika toleo hilohilo la 2014, 20 inashinda yenyewe kwenye shambulio. Kwenye ushawishi ni namba kubwa, basi. Haigeuzi lisilowezekana likawezekana. Pili, ushawishi unarushiwa dadu kwa walinzi na wafanyabiashara kwa sababu mwendesha mchezo hawezi kujua mioyo mia mbili aliyoitunga dakika hiyohiyo. Moyo wa mhusika wako una mwenyewe, na amekaa hapo mezani. Anaulizwa.

Wapo waliolitatua kwa ufundi zaidi. Apocalypse World, mchezo wa Vincent na Meguey Baker uliotoka 2010, unaruhusu urushe dadu kumshawishi mhusika wa mwenzako, ila dadu inazaa bei tu. Ukifanya vizuri sana, mwenzako akikubali anapata alama ya uzoefu inayomkuza mhusika wake. Akikataa, kukataa kwenyewe kunakuwa kitendo cha hatari ambacho naye sasa lazima akirushie dadu. Ukipata matokeo ya kati, unachagua kimoja kati ya hivyo viwili. Umeona ujanja? Jibu bado liko mdomoni mwake, ila "hapana" haiji tena bure. Nimehamisha wazo hilo kwenye meza yetu ya Dungeons & Dragons kwa namna rahisi: anayeombwa ndiye anayesema kama dadu irushwe, na ndiye anayetaja namba ya kufikiwa. Ajabu ni kwamba watu wakipewa uwezo wa kukataa hukubali mara nyingi kuliko zamani.

Pete yako, iombe irudishwe. Hata manju ataona haya.

SWALI: Mimi ndiye mwendesha mchezo, na nimechoka na "usiguse mhusika wangu". Hakuna kabisa mchezo unaoniruhusu?

JIBU: Ipo, tena mizuri. Pendragon ya Greg Stafford, ya 1985, inahusu mashujaa wa Mfalme Arthur. Kila shujaa ana jozi 13 za tabia zinazopingana, na kila jozi jumla yake ni 20. Huruma ikiwa 17, ukatili ni 3. Tabia ikishafika 16, mwendesha mchezo anaweza kukulazimisha uirushie dadu inapojaribiwa, na ukatenda itakavyosema. Shujaa mwenye huruma 17 anamwachia adui aliyemuua kaka yake, huku mchezaji ameshika kichwa. Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha wa 1981, inahesabu akili timamu kama inavyohesabu damu; ikifika sifuri, karatasi inahamia kwako kwa kudumu.

Lakini angalia: kila aliyekaa kwenye meza hizo alijua kabla ya kuchonga penseli. Pendragon hata namba hizo zinakua kutokana na matendo ya mchezaji mwenyewe. Wewe unataka ufanye vilevile katikati ya mchezo usiosema hivyo, kwa mtu ambaye hakuambiwa. Huo ni unyang'anyi, kaka, hata ukiusimulia vizuri.

Wala ugomvi huu si wa jana. Michezo hii ilitokana na michezo ya vita, ambamo mtu aliongoza kikosi kizima na mwamuzi akaamua nani kafa. Askari wa bati hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Minnesota, Marekani, David Wesely aliwapa wachezaji mtu mmojammoja wa kuigiza badala ya jeshi. Dave Arneson akaendeleza wazo hilo, na 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons. Ukishampa mtu nafsi moja tu, ataishikilia kama mtoto.

SWALI: Mwizi wa kundi letu anatuibia sisi wenyewe, akiulizwa anasema, "Ndivyo mhusika wangu alivyo."

JIBU: Na nani aliyemfanya awe hivyo? Hakuokotwa njiani. Mmiliki wa mhusika anamiliki na usumbufu wake. Muulizeni swali moja tu: wahusika wenu wengine, nao "walivyo", kwa nini bado wanalala hema moja naye?

SWALI: Niliandika kwamba mama wa mhusika wangu yuko kijijini. Kikao cha pili akauawa. Mama yangu wa kweli alifariki mwaka huu.

JIBU: Pole sana. Kwa kawaida, ukiandika jamaa kwenye karatasi na kuikabidhi, mwendesha mchezo huona umempa kuni za kuwashia moto. Hakukosea kwa kujua. Mwambie leo, usisubiri kikao. Kifo hicho kinafutika kwa sentensi moja. Na meza yenu iweke ile kadi yenye alama ya X aliyoibuni John Stavropoulos: mtu akiigusa, jambo linarukwa, na haulizwi sababu.

SWALI: Mchezaji asipokuja, nani amwongoze mhusika wake?

JIBU: Asiongozwe. Wa kwetu hubaki nyuma kulinda punda. Asiyekuja harogwi, haporwi wala hafi. Yupo mmoja amelinda punda tangu Ramadhani, na mwendesha mchezo anasema sasa punda wamezaa.