Tumegawa programu vipande 20, mbona inasuasua na inakula umeme zaidi?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu, pole na majukumu. Sisi tulikuwa na programu moja kubwa ya oda na malipo, ilikuwa inakaa kwenye seva 2 tu na mambo yanaenda, bosi akasema twende na wakati tuigawe iwe maikrosevisi, yaani programu ndogondogo (servisi) zinazoitana kwa mtandao. Saa hizi tunazo 20 na seva zimefika 9, watumiaji ni walewale, ukurasa uliokuwa unafunguka fasta sasa unasuasua. Bili ya klaudi imepanda na bosi ananiuliza mimi kana kwamba nimeila. Mwenzangu anasema tuandike upya zote kwa lugha ya Go au Rust. Nifanyeje? (Developa aliyechoka)

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Huyo mwenzako mshike mkono kwanza asianze kuandika kitu, maana lugha sio mchawi wako. Mchawi ni maongezi ya servisi zenu.

Zamani oda ikitaka bei ilikuwa inaita fankisheni iliyo humohumo kwenye memori, na kusoma memori ni kama nanosekunde 100 hivi. Sasa hivi oda ikitaka bei inabidi ichukue data iigeuze JSON (maandishi ya kubebea data), iifunge kwa TLS (usimbaji wa siri), ipite kadi ya mtandao na swichi, upande wa pili ifunguliwe isomwe herufi kwa herufi irudishwe kuwa data, alafu jibu nalo lirudi kwa safari hiyohiyo, na kama mmeweka servisi meshi (mtandao wa proksi, yaani programu za kati zinazosimamia maongezi ya servisi) basi kila ombi kwa kawaida linapita na kwenye proksi 2 njiani. Kwenda na kurudi ndani ya datasenta moja ni kama nusu milisekunde, yaani mara 5,000 ya ile ya memori, na kazi yote hiyo ya kufunga na kufungua inafanywa na CPU, ambayo inakula umeme bila kumhudumia mteja chochote kipya.

Na kule kusuasua kuna hesabu yake. Tuseme kila servisi iko poa, ombi 1 tu kati ya 100 ndo linachelewa. Ukurasa wako ukiita servisi zote 20 na kusubiri kila moja ijibu, basi kurasa 18 kati ya 100 zitakutana na angalau mchelewaji mmoja. Kila timu itakuonyesha grafu yake ya kijani na mteja bado analalamika, na wote mko sahihi!

Sasa zile seva 9. Barroso na Hölzle wa Google waliandika mwaka 2007 kwamba seva nyingi zinafanya kazi kwenye asilimia 10 mpaka 50 ya uwezo wake, na hata ikikaa bure seva ilikuwa inakula karibu nusu ya umeme wa ikiwa imebanwa. Za siku hizi zina nafuu lakini ugonjwa ni uleule, seva 9 zilizokaa kivivu zinakula kuliko 2 zilizobanwa vizuri.

Cha kufanya, pima kwanza. Washa OpenTelemetry (zana ya kufuatilia safari ya kila ombi) uhesabu ukurasa mmoja unazaa maombi mangapi ya ndani, nahisi utashtuka, mara nyingi unakuta kuna lupu inauliza bei ya bidhaa mojamoja wakati ingeuliza zote kwa mpigo. Umeme wenyewe, prosesa za Intel tangu 2011 zina RAPL, kipimo cha ndani kinachotoa majuli ya umeme uliotumika, na kwenye Kubernetes (mfumo wa kuendesha servisi kwenye seva nyingi) kuna zana ya Kepler inayokugawia kwa kila podi, yaani kila kifurushi cha servisi kinachoendeshwa. Kwenye mashine za kukodi RAPL mara nyingi imefichwa, basi chukua sekunde za CPU ugawe kwa idadi ya maombi, inatosha kabisa kulinganisha jana na leo.

Alafu zile servisi zinazopiga soga kutwa nzima, oda na bei na stoku sijui, zirudishe nyumba moja. Sio aibu. Mwaka 2023 timu moja ya Prime Video ilieleza ilivyorudisha kifaa chao cha kukagua ubora wa video kwenye prosesi moja, gharama ikashuka zaidi ya asilimia 90 (ni kifaa hicho kimoja tu, watu wakasambaza kana kwamba Amazon nzima imeachana na maikrosevisi). Ila kama kuna kipande chenye lodi yake ya peke yake, mfano kupunguza ukubwa wa picha, hicho kiache nje kiongezeke na kupungua chenyewe, hapo kugawa kunakuokolea umeme.

SWALI: Je, nikitoa JSON nikaweka gRPC (njia nyingine ya servisi kuitana) si inatosha? (Msomaji mwingine)

JIBU: Itasaidia, Protobuf, muundo wa data unaotumiwa na gRPC, ni ndogo na CPU haihangaiki sana kuisoma. Ila ukurasa ukiwa na maombi 60 ya ndani, yatabaki 60. Yapunguze yafike 15 kwanza ndo uje tuongelee gRPC.