Kwa nini vitundu visivyo na mpangilio hunasa mwanga zaidi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa tatu. Tumefundishwa kwamba kazi ya mwanga inadai usahihi: mistari sawa, nafasi sawa. Sasa nimesoma kuwa silikoni ya sola (kitu kinachogeuza mwanga kuwa umeme) yenye vitundu vilivyotapakaa, kwa kuiga bawa la kipepeo, hufyonza mwanga zaidi. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana, kwa sababu jua si leza, yenye rangi moja na mwelekeo mmoja. Vitundu vilivyopangwa kwa nafasi sawa huunasa mwanga vizuri sana, lakini kwa rangi chache na pembe chache tu, zile ambazo urefu wa wimbi unalingana na nafasi hizo. Jua huleta rangi zote kwa pamoja, na pembe yake hubadilika asubuhi hadi jioni. Vipenyo na nafasi vikitofautiana, unapoteza kilele cha rangi moja, lakini unapata wastani mzuri katika zote.

Kipepeo huyo ni Pachliopta aristolochiae wa Asia, ambaye mabawa yake meusi humsaidia kujipasha joto. Weusi huo si wa melanini, yaani rangi nyeusi ya asili, peke yake. Magamba yake yana vitundu vya chini ya mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita), vya vipenyo mbalimbali. Mwaka 2017 Radwanul Siddique na wenzake wa Taasisi ya Teknolojia ya Karlsruhe, Ujerumani, waliviiga kwenye utando mwembamba wa silikoni. Ufyonzaji uliongezeka kwa takriban asilimia 90 mwanga ukipiga wima, na takriban 200 ukija kwa mshazari mkubwa. Angalia vizuri hapo: ni nyongeza juu ya utando usio na vitundu, si umeme wa paneli nzima. Paneli nyingi za kawaida tayari zina vipiramidi vidogo visivyo na mpangilio, vinavyochimbwa kwa kemikali.

Kinachonivutia zaidi ni utengenezaji wake. Polima mbili, yaani aina mbili za plastiki, huyeyushwa pamoja na kumwagwa juu ya bamba linalozunguka kwa kasi. Kiyeyusho kikikauka, polima hizo hujitenga kama mafuta na maji. Moja huoshwa, vitundu vikabaki, navyo huhamishiwa kwenye silikoni. Ni dakika chache, bila mashine ya kuchora kitundu kimoja kimoja!

Hata hivyo, vurugu hii ina mipaka. Vitundu vikiwa vingi mno, silikoni ya kufyonza inapungua. Vikiwa vidogo mno kuliko wimbi, mwanga hautawanyiki. Ukitaka kujaribu kwa hesabu za kompyuta, badilisha vipenyo kwanza huku nafasi zikibaki sawa, kisha nafasi peke yake. Hapo utajua kipi kimeleta faida.